Kabla hujasema mtoto kabemendwa: historia ya kikombe cha uji

Mwaka jana dada yangu alirudi kutoka kliniki akiwa kimya. Mwanaye alikuwa na miezi 9, na kwa miezi 3 mfululizo uzito wake ulikuwa haujasogea. Kwenye kadi, ule mstari uliokuwa ukipanda vizuri tangu azaliwe sasa ulikuwa umelala. Shangazi yetu hajawahi kufundishwa grafu, lakini mstari uliolala anaujua. Aliiangalia kadi, akamwangalia mtoto, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Huyu kabemendwa."

Kwa msomaji ambaye neno hili halijamfikia: kumbemenda mtoto ni kumdhoofisha kwa kosa la wazazi. Eti wamekutana kimwili wakati mama bado ananyonyesha, au baba katoka nje ya ndoa, au mama kashika mimba nyingine mapema, basi mtoto anakonda, anaharisha, anachelewa kutembea. Ni neno zito. Ukilitamka mbele ya watu umeshamshtaki mtu, na mara nyingi mshtakiwa ni mama. Dada yangu alilia usiku ule. Shemeji akaenda kulala sebuleni bila kuulizwa chochote.

Mimi nasomea sayansi ya chakula, na nilikuwa na hamu kubwa ya kubishana. Lakini nilikuwa nimeona jinsi mtoto anavyolishwa. Dada alirudi kazini likizo yake ya siku 84 ilipokwisha, mtoto akabaki na dada wa kazi, na haikuchukua muda akaanza kupewa uji mchana. Uji mweupe, laini, mwepesi, unaopita kwenye kidomo cha kikombe cha plastiki bila shida. Kikombe kinajaa, mtoto anamaliza, anabeua, analala. Nani angekishuku kikombe kilichojaa?

Kwa nini mtoto anakunywa uji, anashiba, halafu anaendelea kukonda? Swali hilo limewasumbua madaktari katika bara letu kwa zaidi ya nusu karne. Safari yao ilikuwa ndefu na ina aibu zake, na kituo kimoja muhimu cha safari hiyo kilikuwa Iringa.

Tuanzie Accra. Mwaka 1929 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyesoma Oxford, aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza na kupelekwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Huko akaanza kuona watoto wa mwaka 1 hadi 4 wenye ugonjwa ambao haukuwa kwenye vitabu vyake. Miguu na mikono imevimba, nywele zimepauka na kuwa nyekundu-nyekundu, ngozi inabanduka kama imeungua, na mtoto mwenyewe kanuna, hataki hata kuguswa. Wengi walikufa. Williams aligundua kwamba watoto hawa walikuwa wameachishwa ziwa na kuwekwa kwenye chakula cha mahindi, na karibu hakuna kingine. Alichapisha makala mwaka 1933. Mwaka 1935 akachapisha nyingine kwenye jarida la Lancet, na safari hii aliuita ugonjwa kwa jina ambalo wenyeji wa Accra walikuwa wakilitumia kwa lugha ya Ga: kwashiorkor. Sisi tukalifanya kwashakoo.

Jina hilo lina maana ya ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa kwenye nafasi yake pale mdogo wake anapokuja.

Ngoja kwanza. Linganisha na kubemenda. Ni maneno mawili kutoka pande mbili za bara, kwa watu wasiojuana, na yote yananyoosha kidole palepale: wakati ziwa linapoondoka. Waliokuwa wakiishi na watoto kila siku walikuwa wameona jambo la kweli. Mimba mpya ikiingia, mtoto mkubwa analikizwa haraka, anahamishwa kutoka kwenye maziwa kwenda kwenye sufuria, na muda si mrefu anaanza kudhoofu. Tofauti ni kwamba neno la Accra linataja tukio, na neno letu linamtaja mkosaji. Kwa hiyo shangazi yangu hakuwa mjinga. Alikuwa na saa sahihi na lawama isiyo sahihi, jambo ambalo, kama utakavyoona, liliwapata na wasomi wakubwa.

Wakubwa wa London hawakumwamini Williams. Hugh Stannus, daktari aliyewahi kufanya kazi Nyasaland (Malawi ya leo) na aliyehesabiwa kuwa bingwa wa magonjwa ya lishe ya Afrika, alisisitiza kwamba hii si kitu kipya, ni pellagra tu, ugonjwa wa upungufu wa vitamini. Huku kwetu Afrika Mashariki naye Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya kisha Uganda, kwa miaka kadhaa aliuita pellagra ya watoto. Ukisha kuita pellagra unatibu kwa vitamini, na watoto hawakupona kwa vitamini. Trowell alikuja kubadili mawazo, na mwaka 1954 yeye na wenzake wawili wa Kampala wakatoa kitabu kizima kuhusu kwashakoo. Mtu kukubali hadharani kwamba aliita kitu kwa jina lisilo lake ni jambo ninalolipenda kwenye sayansi. Halitokei mara nyingi kama tunavyojisifu.

Williams mwenyewe alihamishiwa Malaya mwaka 1936. Miaka 3 baadaye alisimama mbele ya Rotary Club ya Singapore na kutoa hotuba aliyoipa jina linalomaanisha "Maziwa na Mauaji", akiwashambulia watu waliokuwa wakiwauzia akina mama maziwa ya kopo yenye sukari kama chakula cha mtoto mchanga. Nalitaja kwa haraka tu, kwa sababu wengi tunadhani vita ya maziwa ya kopo ilianza miaka ya 1970.

Turudi kwenye uji. Baada ya Vita Kuu ya Pili wataalamu wakakubaliana kwamba kwashakoo ni ugonjwa wa upungufu wa protini. Na kweli, Kampala walikuwa wakiona watoto waliolikizwa kwa matoke wakipona wakipewa maziwa. Mwaka 1965 hospitali ya Mulago ikafunguliwa kituo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu, jina lililotoka kwenye methali ya Kiganda. Hapo mama hakupewa dawa akaondoka. Alikaa na mtoto wake, akafundishwa kupika kitobero, yaani matoke au viazi pamoja na maharage, karanga au samaki, vyote vikipondwa kwa ajili ya mtoto. Chakula kinatoka shambani kwake na sufuria ni ya kawaida. Kwangu mimi, Mwanamugimu ni moja ya mambo ya akili sana yaliyofanyika Afrika Mashariki katika miaka ile.

Lakini ngazi ya dunia mambo yalikwenda kwingine kabisa. Protini ikawa homa. Umoja wa Mataifa ukaunda kamati ya washauri wa protini mwaka 1955. Zikatafutwa njia za kutengeneza unga wa samaki usio na harufu, na kampuni ya mafuta ya BP ikakuza hamira juu ya mazao ya petroli ili ipatikane protini. Ndiyo, umesoma vizuri, petroli. Wakati huohuo watafiti wa India walikuwa wakionyesha kwamba mtoto mwenye kwashakoo na mtoto aliyekonda mifupa mitupu wanaweza kuwa wametoka kwenye chakula kilekile. Mwaka 1973 FAO na WHO wakashusha makadirio yao ya protini anayohitaji mtoto. Mwaka uliofuata daktari Donald McLaren akaandika kwenye Lancet makala kali akiuita mradi mzima wa protini kuwa ni kichekesho kikubwa. Hoja ilikuwa hii: vyakula vingi vya watoto, vingeliwa vya kutosha, vingekuwa na protini ya kutosha. Tatizo ni kwamba mtoto hali vya kutosha. (Kisa cha kwashakoo chenyewe hakijafungwa. Mwaka 2013 watafiti waliofuatilia mapacha wa Malawi walionyesha kwamba hata bakteria wa tumboni wana mkono wao humo.)

Kwa nini mtoto asile vya kutosha, na sufuria ipo? Hapa twende na hesabu, ni fupi.

WHO wanakadiria kwamba mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya kawaida anahitaji kilokalori 300 hivi kwa siku kutoka kwenye chakula cha nyongeza. Tumbo lake linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8, basi, anajaa kwa mililita 240, kikombe kimoja. Sasa pika ule uji wa dada yangu: unga gramu 5 kwenye kila gramu 100 za uji, maana ukizidisha hapo haupiti kwenye kidomo. Gramu 5 za unga zina kilokalori 17 au 18. Ili mtoto apate 300, anatakiwa anywe lita 1.7. Hivyo ni vikombe 7 vilivyojaa hadi juu, kila siku, mbali na ziwa. Na maziwa ya mama yana kilokalori kama 65 hadi 70 kwa mililita 100. Kwa hiyo uji ule, ukiingia tumboni kabla ya ziwa, hauongezi kitu. Unachukua nafasi ya chakula chenye nguvu karibu mara 4 yake. Hii ni sababu moja inayofanya uji wa miezi 3 uwe hasara, mbali na vijidudu vinavyoingia na maji. Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa kuanza kati ya miezi 4 na 6, na mwaka 2001 Baraza la Afya Duniani likasimama kwenye miezi 6.

Utasema: si uongeze unga? Ongeza uone. Chembe za wanga zikipata maji na moto zinavimba, zinashika maji, na sufuria inakaza. Ukifika gramu 20 za unga kwa 100 umeshaukaribia ugali laini, na mtoto mwenye meno 2 atakutazama tu. Uji ukiwa mwepesi ni maji, ukiwa mzito haumezeki. Mama anayeongeza maji ili mtoto ameze hana uzembe wowote. Anafanya jambo pekee linalowezekana.

Mwaka 1983 watafiti wawili, Mosha wa Tanzania na Svanberg wa Sweden, walichapisha jibu, na jibu lenyewe lilikuwa kwenye chungu cha pombe. Kimea. Chukua mtama au ulezi, loweka usiku mmoja, uache uchipue siku 2 au 3, uanike, uusage. Mbegu inapochipua inatengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi ambacho kazi yake ni kukatakata wanga ili mche mchanga upate sukari. Pika uji mzito kama ugali laini, uache upoe kidogo, kwa sababu moto mkali unakiua kimeng'enya, halafu tia kijiko cha unga wa kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache unaulegea mkononi. Unga ni uleule, nguvu ni ileile, lakini sasa unanyweka. Kwa hesabu yetu ya juu, uji wa gramu 20 kwa 100 unampa mtoto kilokalori zake 300 kwa vikombe visivyofika 2. Watafiti hao walikwenda kuujaribu uji huo kwa watoto wa kijiji cha Luganga, mkoani Iringa.

Msomaji wa Songea au Mbeya ameshacheka. Hiyo ni togwa! Ndiyo, ni hatua ya kwanza ya togwa. Bibi zetu wa nyanda za juu walikuwa wakilainisha uji kwa kimea kabla amilesi haijapata jina maabara. Na togwa ina hatua ya pili, kuiacha ichachuke, ambayo nayo ina faida yake: ukali ule unawazuia vijidudu vingi vya kuharisha kukua. Mwaka 1994 Lorri na Svanberg walichapisha matokeo kutoka Tanzania yaliyoonyesha kwamba watoto waliopewa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko waliopewa uji wa kawaida.

Iringa haikuwa bahati. Nchi ilikuwa na Taasisi ya Chakula na Lishe tangu 1973, na mwaka 1983 ulianza mkoani humo mpango wa lishe wa WHO na UNICEF, kwa fedha za serikali ya Italia, ukaingia katika vijiji 168. Nikisoma habari za mpango ule, kinachonishika zaidi ya kimea ni mizani. Kila baada ya miezi 3 watoto wote wa kijiji walipimwa, na matokeo yakapelekwa kwenye uongozi wa kijiji yajadiliwe. Fikiria ukubwa wa badiliko hilo. Mtoto aliyekonda akatoka chumbani, ambako swali ni nani kalala na nani, akaingia kwenye mkutano, ambako swali ni: mtoto huyu anakula mara ngapi kwa siku? Nani anampikia mama akiwa shambani? Kuni na maji viko umbali gani? Mzigo wa kazi wa mama ukaandikwa kwenye orodha ya visababishi, pamoja na maradhi na chakula. Vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea watoto ili walishwe mchana. Katika vijiji vile vya mwanzo, watoto wenye utapiamlo mkali walipungua kutoka takriban asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2 katika miaka michache. Kimea kilikuwa kipande kimoja tu cha kazi hiyo, na ningekuwa mwongo nikisema ndicho kilichofanya yote.

Sasa kwa nini dada yangu, msomi wa chuo, hakuwahi kusikia? Nadhani sehemu ya jibu ni ule ule mzigo wa kazi. Kuloweka, kuchipusha, kuanika na kusaga ni siku 4 au 5, na kama unaingia ofisini saa 2 asubuhi, anayeangalia jua ni nani? Pia kimea kina masharti. Machipukizi ya mtama yana kemikali inayotoa sianidi, kwa hiyo lazima yapukutwe yote kabla ya kusaga. Ulezi ndio salama zaidi. Nafaka ikianikwa vibaya inaota kuvu. Si jambo la kufundishwa kwa bango la ukutani.

Badala yake tumepata uji wa lishe. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, na kila muuzaji anaongeza cha kwake hadi mfuko unakuwa na vitu 9. Sina ugomvi na kuchanganya, kitobero ni mchanganyiko pia. Ila karanga na mahindi ndivyo vinavyopenda kubeba sumukuvu, na kwenye unga huwezi kuona ipi ilikuwa imeoza. Na jambo linaloniuma zaidi: ukichukua nafaka 9 ukazipika kwa gramu 5 kwenye 100, bado gramu 95 ni maji. Mfuko umebadilika, kikombe ni kilekile.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba shangazi tupike pamoja. Nilikuwa nimetafuta kimea cha ulezi sokoni, nikamwambia muuzaji si cha pombe, akaniangalia kwa shaka. Shangazi alisonga uji mzito, na kijiko kilisimama. Tukausubiri upoe hadi kidole kikavumilia. Nikatia kijiko kimoja cha kimea, nikakoroga, na sisi wawili tukainama juu ya sufuria kama watu wanaochungulia kisima. Ulilegea. Tukaurudisha jikoni ukachemka kidogo, tukauacha upoe tena, tukatia karanga tulizochagua moja moja na kusaga wenyewe. Mtoto alikunywa kikombe, akaomba kingine kwa kupiga meza.

Shangazi alionja kilichobaki.

"Hii si togwa changa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa huko chuoni mlikwenda kusoma nini?"

Neno lile hakulirudia tena, wala hakuomba radhi. Siku hizi kila Ijumaa jioni ndiye anayeloweka ulezi. Kwenye kadi ya mwezi uliofuata kulikuwa na gramu 300 zaidi, na dada yangu ameipiga picha, ameituma kwenye kundi la familia bila maneno yoyote.